Bustani ya Nyumbani: Mimea Ipendayo Kivuli Kando ya Mto Tana

Wazee walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Mtu apitaye katika vijiji vya kando ya Mto Tana, kama vile Garsen, Wema, Hewani, Ngao na Golbanti, ataona kwamba methali hii yahusu bustani pia. Atakuta miembe mikubwa yenye kivuli kizuri, na chini yake ardhi tupu iliyofagiwa, haina kitu ila kiti cha mzee na mbuzi waliolala. Wakati huo huo mama wa nyumba yu sokoni Garsen akinunua tangawizi, manjano na dania, vitu vilivyoletwa kwa gari kutoka mbali, na ambavyo vingeweza kuota hatua kumi kutoka mlango wa jiko lake.

Ukimwuliza mwenye mji kwa nini hakupanda cho chote hapo, atakujibu kwamba kivulini hapaoti kitu. Alijaribu mahindi yakarefuka bila kuzaa, akajaribu nyanya zikatoa majani matupu. Basi huona dawa ni moja tu, nayo ni shoka. Lakini mwembe uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka 6 na pengine zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na shoka huumaliza kwa asubuhi moja. Atakayeukata kwa ajili ya kitanda cha mboga amebadilisha ng'ombe wa maziwa kwa kikombe cha maziwa.

Shabaha ya maneno yetu ya juma hili ni kuonyesha kwamba kosa si la kivuli, bali ni la kuchagua mmea usiofaa. Iko mimea ambayo asili yake ni chini ya miti ya msitu, nayo hukasirishwa na jua kali kama vile mahindi yanavyokasirishwa na kivuli. Ajuaye kuitambua mimea hiyo hupata bustani ya pili bila kukata mti hata mmoja.

Jambo hili si la mapambo tu. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 1997, ya mwaka 2018, na yale yaliyoanza mwisho wa mwaka 2023 na kurudi mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024, yalifunika mashamba mengi ya bondeni. Shamba la mtoni likisha kwenda na maji, uwanja wa nyumba iliyo juu kidogo ndio ubakiao kuilisha jamaa kwa mboga. Tena maji ya kunyweshea huchotwa mtoni, na kila mkaaji wa Tana ajua kwamba mto una mamba. Kitanda kilicho kivulini hukauka polepole kuliko kilicho juani, kwa hiyo chahitaji ndoo chache zaidi. Kila ndoo tuipunguzayo ni safari moja ya mama au mtoto isiyofika ukingoni mwa maji.

KIVULI SI KIMOJA

Jambo la kwanza lipasalo kufahamika ni kwamba vivuli havilingani. Twaweza kuvigawanya katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni kivuli chepesi. Hiki ni kile cha mnazi, cha mpapai, au cha mti wenye majani madogo kama mgunga na mkwaju mchanga. Ukitandika karatasi nyeupe chini yake saa sita ya mchana utaona madoa ya jua yakichezacheza juu yake. Mimea mingi hupendezwa na kivuli hiki.

Aina ya pili ni nusu ya kivuli, yaani mahali papatapo jua kwa muda wa saa tatu au nne tu kwa siku, kisha pakafunikwa na nyumba, ua au mti wa jirani.

Aina ya tatu ni kivuli kizito, kama cha mwembe mzee au mkuyu, ambacho hakipitishi jua mwaka mzima. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wala si ajabu, maana ni mimea michache tu iwezayo kukaa humo.

Zaidi ya hayo, yafaa kutazama ikiwa kivuli ni kikavu au kina maji. Chini ya migomba iliyo karibu na mfereji au shimo la kuogea udongo huwa na unyevu, lakini chini ya mwembe mkubwa mizizi ya mti hunyonya maji yote ya juu. Watu wengi hudhani mmea umekufa kwa kukosa jua, kumbe umekufa kwa kiu. Chimba kidogo kwa jembe siku ya tatu baada ya mvua. Ukikuta vumbi, ujue adui wako ni ukavu.

JUA LA GARSEN SI JUA LA ULAYA

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa na watu wa Ulaya, navyo husema kwamba upande wa kaskazini wa nyumba ndio wenye kivuli. Katika mji kama London maneno hayo ni kweli, maana huko jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Lakini Garsen iko karibu sana na Ikweta, kadiri ya nyuzi mbili na robo upande wa kusini. Jua hupita juu ya vichwa vyetu katikati ya mwezi wa Machi, na tena mwisho wa Septemba. Tangu Machi hata Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Tangu Oktoba hata Machi mambo hugeuka, kivuli kikaangukia kaskazini. Ukuta wenye urefu wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita moja na nusu upande wa kusini saa sita ya mchana katika mwezi wa Juni. Mwezi wa Desemba hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja upande wa kaskazini.

Maana yake ni kwamba kitanda ulichokitengeneza kivulini mwezi wa Juni chaweza kuungua mwezi wa Desemba bila wewe kukihamisha. Mahali pasipobadilika sana ni upande wa mashariki wa nyumba. Hapo mmea hupata jua la asubuhi, ambalo ni pole, na alasiri, wakati joto la Garsen lizidipo, nyumba huukinga. Upande wa magharibi ni kinyume chake, nao wafaa mimea shupavu tu.

Kabla ya kupanda, chukua siku moja ya kutazama. Chomeka vijiti mahali unapotaka kitanda, kisha upite saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni, ukiandika ni kijiti gani kina jua na kipi kina kivuli. Karani mwenye daftari aweza kulifanya jambo hili siku ya mapumziko, na daftari hilo litamfaa kuliko kitabu cha mgeni.

NI MIMEA GANI IPANDWE?

Iko kanuni fupi ya kukumbuka. Mmea uliwao tunda au punje hutaka jua lote, maana kutengeneza tunda ni kazi kubwa. Mmea uliwao jani waweza kuridhika na nusu ya jua. Na mmea ambao kwa asili hukaa chini ya miti huonekana kwa majani yake, ambayo mara nyingi huwa mapana, membamba kwa unene, na ya kijani kilichoiva. Majani hayo yameumbwa ili yakusanye nuru kidogo ipenyayo.

Kwa hiyo usipoteze mbegu za mahindi, mpunga, ufuta, nyanya, bamia, tikiti au vitunguu kivulini. Hiyo ni mimea ya mahali peupe. Muhogo nao hurefuka kivulini ukawa fimbo bila mizizi ya maana. Viazi vitamu vikipandwa katika nusu ya kivuli havitatoa viazi vya kutosha, lakini majani yake, yaani matembele, yatakuwa laini na mengi. Basi vipande kwa ajili ya majani.

Katika nusu ya kivuli na kivuli chepesi mboga zifuatazo hufaa: mchicha, mnavu, matembele na sukumawiki. Katika joto la Tana dania ikipandwa juani huharakisha kutoa maua na mbegu kabla haijatoa majani ya kutosha, lakini upande wa mashariki wa nyumba huvunwa kwa muda mrefu zaidi. Mnanaa hupenda mahali penye ubaridi na unyevu, nao huenea wenyewe. Uupande ndani ya karai kuukuu lililotobolewa chini, usije ukateka kitanda kizima. Mpilipili wa pilipili ndogo huvumilia kivuli chepesi, ingawa juani huzaa zaidi.

Kwa kivuli kilicho kizito zaidi, tegemea mimea mitatu.

Wa kwanza ni tangawizi. Huu ni mmea ambao majani yake hujikunja na kukauka ncha katika jua kali. Chagua vipande vinene visivyo na doa, kila kimoja kiwe na macho mawili au zaidi, uvipande mwanzo wa mvua za masika, mwezi wa Machi au Aprili. Vifukie kwa kina cha vidole viwili au vitatu, na toka kipande hata kipande iwe shubiri moja. Huvunwa baada ya miezi 8 hata 10, majani yakisha geuka manjano na kulala. Ila tangawizi haiwezi kusimama katika maji. Ikikaa katika udongo uliojaa maji huoza upesi, kwa hiyo ni lazima kitanda kiinuliwe, wala isipandwe mahali pafikiwapo na mafuriko.

Wa pili ni manjano, ambayo hupandwa kwa namna hiyo hiyo na huvunwa kwa muda ulio karibu sawa na ule wa tangawizi. Majani yake ni mapana na maua yake hupendeza, basi huufaa hata uwanja wa mbele ya nyumba.

Wa tatu ni majimbi, ambayo wengine huyaita nduma au magimbi. Haya ni kinyume cha tangawizi, maana hupenda maji. Yapandwe bondeni chini ya migomba, au mahali yateremkapo maji ya kuogea. Maji yakipanda kwa siku chache majimbi hayafi upesi. Lakini yafaa kuonya kwamba majimbi mabichi huwasha kinywa na koo. Yapikwe hata yaive kabisa, majani na mizizi, wala watoto wasiachwe kuyatafuna.

Watu wengine watashawishika kupanda pilipili manga, vanila au iliki, kwa kuwa wamesikia habari za Unguja, Uganda na Usambara, ambako mimea hiyo hukaa chini ya miti na kuleta fedha. Ni kweli kwamba yote hupenda kivuli, lakini kivuli peke yake hakitoshi. Iliki hutaka mvua isiyopungua milimita 1,500 kwa mwaka na hewa ya ubaridi, nayo mvua ya Garsen haifiki kiasi hicho hata kidogo. Pilipili manga na vanila hutaka hewa yenye unyevu wakati wote. Mtu aweza kujaribu mche mmoja karibu na mahali pa maji ili ajifunze, lakini asinunue miche mia kwa maneno ya mwuzaji.

NAMNA YA KUTENGENEZA KITANDA CHINI YA MWEMBE

Mwembe ndio mali ya mji, basi kazi yote ifanywe kwa kuuheshimu. Usikate mizizi yake mikubwa, wala usirundike udongo kwenye shina, maana gome hulowa na kuoza. Acha nafasi ya hatua mbili kuzunguka shina.

Kwa kuwa mizizi imejaa, ni afadhali kuinua udongo kuliko kuchimba. Tumia magunia, madebe yaliyotobolewa au makarai makuukuu, uyajaze udongo laini ulioachwa na mto pamoja na mbolea. Samadi hupatikana kwa wafugaji wa Kiorma na Kiwardei walio jirani zetu, lakini isitumiwe mbichi. Mbali na kuunguza miche, samadi ya siku hizi mara nyingi huwa na mbegu za mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 na ambao sasa umeteka malisho mengi ya Tana River. Ng'ombe na mbuzi hula maganda yake, na mbegu hutoka katika samadi zikiwa hai. Irundike samadi pamoja na majani, uigeuze mara kwa mara hata ioze kabisa, na mche wo wote wa mathenge utakaochomoza ung'olewe ungali mchanga.

Majani ya mwembe yaangukayo yasichomwe moto. Yatandazwe juu ya kitanda kwa unene wa nusu shubiri, ili yahifadhi maji. Maji yaliyooshea mchele na mboga yamwagwe hapo. Maji yenye sabuni kali yasitumiwe, wala maji machafu yasimwagiwe dania na mnanaa, kwa kuwa huliwa mbichi.

Kisha, mavuno ya maembe yakisha pita, pogoa matawi machache ya chini kwa msumeno mkali ili jua la asubuhi lipenye. Matawi mawili matatu yaliyochaguliwa vizuri hugeuza kivuli kizito kuwa nusu ya kivuli, na mwembe wenyewe hunufaika kwa kupata hewa. Lakini jambo moja likumbukwe: mwembe hutaka kipindi cha ukavu kabla ya kutoa maua. Katika majuma hayo punguza maji ya vitanda, ama sivyo utapata majani mengi na maembe machache.

Yafaa pia kuangalia afya. Makopo na vyungu visiachwe na maji yaliyotuama, maana ni makao ya mbu. Na majani yasiachwe kuwa kichaka karibu na mlango, nyoka wasije wakajificha.

Utajuaje kwamba mmea haukupata mahali pake? Ukirefuka na kuinamia upande mmoja, na rangi ikafifia, wataka nuru zaidi. Majani yakiungua kandokando na kujikunja, wataka kivuli zaidi. Mmea ulio katika gunia una faida hii, kwamba waweza kuuhamisha hatua tatu ukaupa utakacho.

MSITU NDIO MWALIMU

Mtu asiyeamini maneno haya na atembee katika msitu wa kando ya mto. Mwaka 1976 Serikali ya Kenya ilitenga hifadhi katika misitu ya Tana kwa ajili ya kima wa aina mbili wasiopatikana po pote pengine duniani. Misitu hiyo hunyweshwa na mto zaidi ya mvua, na chini ya mikuyu yake miche ya mikindu na mimea mingine mingi huota bila kulimwa na mtu.

Mimea ya kivuli cha pwani yetu imetafutwa hata na watu wa mbali. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta katika misitu ya Usambara ua dogo la rangi ya urujuani, akampelekea baba yake mbegu zake Ujerumani. Leo ua hilo huuzwa katika nchi nyingi, na watu huliweka madirishani kwa sababu huridhika na nuru kidogo. Hali kadhalika mmea uitwao na wataalamu Zamioculcas, ambao huota wenyewe katika vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1990 umeuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani kupamba maofisi, kwa kuwa hustahimili kivuli na kiu. Mkonge wa mwitu nao ni vivyo hivyo. Mwenye kutaka pambo la baraza hana haja ya kununua cha mgeni, ila akumbuke kwamba Zamioculcas si chakula, na asing'oe mimea ya msituni ovyo. Achukue jani au kipande tu, akioteshe nyumbani.

Lakini yatupasa kufahamu kwamba lile ua la Usambara sasa ni adimu katika misitu yake ya asili, kwa sababu miti iliyolifunika imekatwa mahali pengi. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba, na vitu vilivyoota chini yake hufa navyo. Ni vivyo hivyo katika mji wa mtu. Anayekata mwembe wake hukosa maembe, na pia hukosa udongo wenye ubaridi, maji yaliyohifadhiwa, na mahali pa pekee ambapo tangawizi yake ingeota.

Basi juma hili kazi ni moja: chomeka vijiti vyako, tazama jua, uandike. Atakayekuwa tayari aanze na magunia matatu tu, moja la tangawizi, moja la manjano na moja la dania upande wa mashariki wa nyumba. Baada ya msimu mmoja atajua ikiwa aongeze.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kufanya mbolea kwa majani na takataka za jikoni.